Nani amefungua faili langu?

Tangu tarehe 1 Januari 2026, Muomani anayetaka kuoa au kuolewa hana tena hiari ya kupima afya kabla ya ndoa. Kipimo chenyewe si kigeni, kipo nchini miaka mingi, ila kilikuwa cha mwenye kutaka. Asiyetaka alisema tawakkaltu ala Allah, na mambo yakapita. Sasa ni lazima, awe mtu yuko Sur, Nizwa au Mombasa, na hata kama mchumba si Muomani. Damu inatolewa, majibu yanaingia kwenye kompyuta, cheti kinatoka, ndipo ndoa ifungwe.

Mimi naiunga mkono sheria hii bila ya kusitasita. Lakini tangu itangazwe, maneno ninayoyasikia kwenye mabaraza ya hapa Sur na kwa jamaa zetu wa Ibra si kwamba sindano inauma, wala si bei. Watu wanauliza jambo moja tu: hayo majibu, anayaona nani?

Wapo wanaolicheka swali hili na kusema ni wasiwasi wa bibi zetu walioogopa hata kupigwa picha. Mimi naliona ni swali la watu wenye akili timamu, na halijajibiwa vya kutosha.

Tuanze na kinachopimwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 1995, uliopima watoto wa Oman wa chini ya miaka mitano, ulikuta kama 6 katika kila 100 wamebeba kinasaba cha selimundu, na kama 2 katika 100 wamebeba cha thalasemia ya beta. Kubeba si kuugua. Mbebaji anaweza kuishi mpaka uzeeni asijue kama anacho. Shida inakuja wawili waliobeba wakioana: kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kumleta mtoto mgonjwa, yule anayelia usiku kwa maumivu ya mifupa na kuongezwa damu. Na sisi tunaopenda kuoana mtoto wa ami kwa mtoto wa ami, hesabu hiyo inatugusa zaidi. Kwa hiyo kipimo kina faida, na hilo halina mjadala.

Sasa chukua majibu hayo hayo uyatoe nje ya chumba cha daktari. Binti wa miaka 22, mzima wa afya, amebeba kinasaba. Neno likitoka halitoki kama lilivyo. Halisemwi "amebeba", linasemwa "anaumwa". Posa inarudi nyuma. Kisha inafuata ya mdogo wake, maana watasema "ipo kwenye damu yao". Na yule kijana aliyekutwa na kitu hicho hicho, aghalabu hasemwi. Yeye anatafutiwa mchumba mwengine na maisha yanaendelea. Hili la mizani mbili tunalijua sote, tusijifanye hatulijui. Na hapo sijagusa vipimo vya homa ya ini na virusi vya UKIMWI, ambavyo navyo vimo katika uchunguzi wa kabla ya ndoa, na ambavyo ulimi wa mtu unaweza kuvigeuza kuwa hukumu ya maisha.

Ndiyo maana nasema hofu ya watu wetu ina msingi. Ila wengi wanaielekeza siko. Wanafikiria mtu aliyekaa Urusi au Uchina anaingia kwenye kompyuta za wizara usiku wa manane. Hao wapo. Singapore mwaka 2018 waliibiwa taarifa za wagonjwa milioni 1.5, ya waziri mkuu wao ikiwamo. Lakini tazama kilichowapata mwaka uliofuata: Januari 2019 Wizara ya Afya ya huko ilitangaza kwamba taarifa za watu 14,200 wenye virusi vya UKIMWI zimevujishwa kwenye intaneti, majina, namba za simu na anuani. Hapo hakuvunja mtu mlango. Taarifa zilikuwa mikononi mwa mtu ambaye jamaa yake wa karibu kabisa alikuwa daktari mwenye ruhusa halali ya kulifungua daftari hilo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa iweke picha hiyo katika mji kama wetu. Sur si Singapore. Hapa ukitoka Al Ayjah ukavuka daraja mpaka sokoni, utasalimiana na watu kumi na saba watakuuliza khabari za mama. Muuguzi ni mtoto wa khalti. Karani wa mapokezi kasoma skuli moja na kaka yako. Wa maabara ameoa kwa jirani. Hii ni neema, wallahi. Mgonjwa wa Sur hakosi mtu wa kumshika mkono hospitali. Lakini neema hiyo hiyo ndiyo inayomfanya binti atetemeke akitoa namba ya bataka dirishani. Sisemi kuwa watumishi wa afya wa hapa wanatoa siri. Wengi wao wanaondoka duniani na siri za watu elfu vifuani mwao. Nasema mfumo usitegemee wema wa mtu peke yake.

Na hapa pana jambo ambalo wazee wetu hawakulipata. Zamani faili lilikuwa la karatasi. Mtu aliingia chumba cha mafaili, akavuta la kwako, akasoma, akarudisha, na hakuna aliyejua mpaka siku ya kiama. Kompyuta si hivyo. Oman imeanza mapema: mfumo wa Al Shifa, ambao Wizara ya Afya iliutengeneza wenyewe, umekuwa ukiingia mahospitalini na katika vituo vya afya tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na leo mgonjwa ana programu ya Shifa kwenye simu yake, anaona miadi, dawa na majibu ya vipimo. Katika mfumo wa namna hii kila anayefungua faili anaingia kwa jina lake na neno lake la siri. Anaweza kuacha alama: nani, saa ngapi, kompyuta ipi.

Basi mgonjwa aonyeshwe hiyo alama.

Hilo ndilo ombi langu kubwa katika makala hii, na si ndoto. Estonia, nchi ndogo ya Ulaya yenye watu wachache kuliko Oman, wanafanya hivyo. Mgonjwa anaingia kwa kitambulisho chake na anaona orodha ya waliofungua taarifa zake za afya. Akiona jina asilolijua, anauliza. Anaweza hata kulifunga faili, au sehemu yake, wengine wasilione. Hebu fikiria ukurasa mmoja ndani ya programu ya Shifa, kwa Kiarabu cha kawaida: tarehe fulani, daktari wa kliniki ya damu amefungua. Tarehe fulani, maabara. Tarehe fulani, saa nne za usiku, mtumishi wa kitengo ambacho wewe hujakikanyaga. Kwa maoni yangu ukurasa huo ungefanya kazi kubwa kuliko semina mia za maadili, kwa sababu mwenye kutamani kuchungulia faili la mke wa ndugu yake angejua kwamba mke wa ndugu yake atamuona.

Tena ni rahisi kwa mgonjwa kukubali kupimwa akijua hivyo. Wizara inataka watu waje kwa moyo, si kwa kuburutwa na cheti.

Sheria tunazo, na si vibaya msomaji akazijua kwa majina. Iko Amri ya Kifalme namba 75/2019 inayosimamia taaluma ya udaktari na taaluma za afya zinazoambatana nayo. Inawafunga kutunza siri ya mgonjwa. Iko sheria ya makosa ya mitandao, namba 12/2011, ambayo inamgusa anayeingia kwenye mifumo isiyo yake na anayechezea ripoti za tiba. Na iko ile mpya zaidi, Sheria ya Kulinda Data Binafsi, Amri ya Kifalme namba 6/2022, iliyoanza kazi Februari 2023, na kanuni zake zikatoka kwa uamuzi wa waziri namba 34/2024. Sheria hii inaziweka taarifa za afya na za vinasaba katika fungu la pekee: anayetaka kuzishughulikia lazima apate kibali cha Wizara ya Uchukuzi, Mawasiliano na Teknolojia ya Habari. Na inampa mwenye taarifa haki: kuomba nakala, kusahihishiwa, kuondoa idhini aliyoitoa, kuarifiwa zikivuja.

Maneno mazuri. Lakini soma kifungu cha 3, kinachotaja mambo ambayo sheria haiyagusi. Kazi ambazo vyombo vya serikali vinazifanya kwa mamlaka yake kisheria, zimo humo. Mambo ya mtu na familia yake nayo yamo. Maana yake kwetu ni nini? Ni kwamba unapodai haki zako kwa sheria hii, unasimama imara zaidi mbele ya kliniki ya binafsi na kampuni ya bima kuliko mbele ya kituo cha afya cha serikali, ambako ndiko wengi wetu tunakotibiwa. Huko unabaki na sheria ya madaktari na taratibu za wizara yenyewe. Sheria ya madaktari ni nzuri pia, ila ina udhaifu mmoja: mgonjwa hawezi kushtaki kwa siri iliyotoka kama hajui imetoka kwa nani. Tunarudi palepale kwenye ile orodha.

Na hilo la familia, enhe, hapo ndipo panapouma.

Kuna kliniki moja ya binafsi, sitaitaja wala mji wake, ambayo ilituma majibu ya jamaa yangu wa kike kwa WhatsApp. Namba iliyoandikwa kwenye faili ilikuwa ya kaka yake, kwa kuwa ndiye aliyempeleka siku ya kwanza, miaka iliyopita. Majibu yakafika kwake yuko baraza, simu iko mezani. Alhamdulillahi hayakuwa makubwa. Lakini jamaa yangu, mwanamke mtu mzima mwenye kazi yake, alijua khabari za mwili wake kwa kupitia mdomo wa kaka yake. Alipokwenda kulalamika akaambiwa, "Si ni familia moja?"

Jawabu hilo tunalisikia sana na linapita kwa urahisi kwa sababu nusu yake ni kweli. Kwetu ugonjwa si wa mtu mmoja. Mama akilazwa, ukoo mzima unahamia hospitali na thermosi za kahawa. Sitaki tupoteze hilo. Lakini kusaidiana ni kitu kimoja na kurusha picha ya ripoti ya maabara kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 64 ni kitu chengine. "Muombeeni mama dua" inatosha. Mungu haitaji kuona kiwango cha kreatinini. Na ile picha haitaki amri ya kifalme ili isambae. Imeshafika Dar es Salaam, Dubai na Birmingham kabla mgonjwa hajatoka kwenye gari. Hakuna kifungu cha kuirudisha.

Kuna na hili la wazee. Mama zetu wengi hawaingii kwenye programu wenyewe. Simu imeandikishwa na kijana, neno la siri analijua kijana, namba ya uthibitisho inakwenda kwa kijana. Kwa kawaida kijana mwema. Lakini inatokea kwamba watoto wanasoma majibu ya biopsi kabla ya mama, wanakaa kikao, wanaamua mama asiambiwe. Nimeona watu wakibishana juu ya hili mpaka kupandishiana sauti, na kila upande una huruma yake. Rai yangu mimi: mama aulizwe mapema, kabla ya kipimo, siyo baada. "Mama, majibu yakija unataka uyaone wewe kwanza, au mimi, au tukae pamoja na daktari?" Wapo watakaosema, mwanangu soma wewe, mimi niambie la muhimu. Sawa, hiyo ni rukhsa yake kaitoa. Wapo watakaotushangaza.

Na namba za uthibitisho zisitolewe kwa simu. Matapeli wanapiga, wanajidai wa hospitali, wa wizara, wa benki, wanaongea Kiarabu kibovu au kizuri. Aliyeizoeza nyumba yake kutoa namba ovyo kwa ajili ya miadi ya meno, ameizoeza kuzitoa ovyo kwa kila mwenye kuuliza.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani nataka mafaili yafungwe na funguo zitupwe baharini. La. Khofu yangu nyengine ni kinyume chake kabisa.

Mgonjwa wa Sur hatibiwi mahali pamoja. Anaanza kituo cha afya, anapelekwa Hospitali ya Sur, akizidiwa anapelekwa Maskati, safari ya kama kilomita 200, kwenye Hospitali ya Kifalme, ya Khoula au ile ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos. Katikati anapitia kliniki ya binafsi kwa sababu foleni ni fupi. Mwenye uwezo anakwenda India au Thailand. Na likizo ya skuli ikifika anapanda ndege na watoto kwenda Unguja kwa bibi. Mifumo ya sehemu zote hizi haizungumzi lugha moja. Matokeo yake mtu anatembea na mfuko wa plastiki wenye CD na karatasi, anatolewa damu ile ile mara tatu, na anaulizwa na kila daktari "unatumia dawa gani?" naye anajibu "ile nyeupe ndogo".

Kuna hatari hapo kubwa kuliko usumbufu. Ule uchunguzi wa 1995 ulikuta vilevile kwamba kama robo ya watoto wa kiume na mmoja katika kumi wa kike wana upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Wenyewe tunauita "mzio wa maharage", maana mtoto akila baqila damu inavunjika. Lakini si maharage peke yake. Zipo dawa, primakwini ya malaria ikiwa mojawapo, zinazoweza kuvunja damu hiyo vibaya. Sasa mtoto huyo yuko Jambiani kwa bibi, ana homa. Daktari wa huko hana njia ya kuona faili la Sur. Bibi hajui. Mama yuko kwenye ndege. Hapa siri haimlindi mtoto; inamdhuru.

Kwa hiyo nataka taarifa zisafiri, lakini zisafiri na mwenyewe, kwa idhini yake, na kwa kiasi kinachohitajika. Daktari wa mguu hahitaji kujua mimba iliyotoka mwaka 2009. Mwajiri hahitaji chochote zaidi ya kuwa mtu anaweza kazi au haiwezi. Kampuni ya bima ipewe kinachohusu dai lililoletwa, si historia ya maisha. Hili la bima tulitazame kwa jicho kali kadiri wengi wetu wanavyoingia bima za kazini, kwa sababu fomu zake zina mstari mmoja wa herufi ndogo unaotoa ruhusa ya kila kitu, na watu wanatia sahihi wakiwa wamesimama.

Nani mwengine apewe? Jamaa zetu wa Kenya wamelipeleka swali hilo mahakamani. Tarehe 4 Desemba 2025 serikali ya Kenya ilitia sahihi na Marekani, mjini Washington, mkataba wa afya wa miaka mitano wa dola bilioni 2.5, ambapo Marekani ingetoa bilioni 1.6. Wiki moja baadaye, tarehe 11, Mahakama Kuu ya Nairobi ikasimamisha sehemu inayohusu kupeleka taarifa za afya za wananchi nje, baada ya shirikisho la watetezi wa watumiaji kufungua kesi. Serikali ilisema haki za wananchi zimelindwa na sheria za Kenya zitafuatwa. Mimi sijasimama upande wa wanaosema mkataba ule ni wizi. Fedha zile ni dawa za watu. Lakini nimependa kwamba jaji alisimamisha kwanza ili aulize. Ukitoa taarifa za watu zikishatoka, hukumu ya mwakani haizirudishi.

Na lile neno "bila majina" tusilikubali haraka, sisi wa miji midogo khasa. Ukiandika "mwanamke, miaka 34, Wilaya ya Sur, ugonjwa kadha wa nadra, watoto wanne", umeliacha jina, lakini kila mtu wa mtaa wake ameshamjua.

Basi kwa wale wenye safari ya Unguja, Pemba au Mombasa, msisubiri mifumo izungumze. Kabla ya kuondoka, ingieni kwenye programu au mwombeni daktari wa kituo chenu muhtasari wa ukurasa mmoja kwa kila mtoto. Upungufu wa G6PD kama upo. Mzio wa dawa. Selimundu, mgonjwa au mbebaji, liandikwe lipi. Dawa anazotumia kwa jina lake na kipimo, si rangi. Uwe kwa Kiingereza, na chini yake mtu aandike kwa Kiswahili kwa mkono, kwa ajili ya bibi. Nakala moja ikae kwenye pochi ya mama, moja kwa huyo bibi, kwenye kabati anakoweka Qur'ani na hati za shamba, pahala asipopekua mtu.